Gawa Upate Omu, Zidisha Upate Wati

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

 

Mhariri aliomba methali, ngonjera na hadithi, na kweli zimekuja tele. Mimi nimeleta stima. Najua kuna watakaoguna, "Ala! Fizikia ndani ya jarida la Kiswahili?" Ndiyo, ndugu zangu. Darasani twaisoma kwa Kiingereza, lakini waya wa nyumbani hauulizi mtu anajua lugha gani. Ukizidiwa, unawaka. Na wanaochomeka pasi, birika na redio kila siku ni mama, shangazi na babu, ambao wengi wao hawana haja na Kiingereza cha mwalimu wetu. Basi tuyaseme mambo haya kwa lugha ambayo tunaweza kuwaeleza likizo ikifika.

Ninalotaka kusema ni hili: kinachochemsha waya ni mkondo unaopita ndani yake, na mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Kwa hivyo waya uliotumika salama kwa miaka unaweza kuungua siku moja tu, ukipewa kazi nzito. Kuutazama kwa macho hakutoshi. Lakini hesabu mbili fupi, ambazo hata mtoto wa darasa la sita anaziweza, zitakuonya mapema. Wahenga walisema tahadhari kabla ya athari.

MAJINA KWANZA

Kuna maneno manne ya kushika.

La kwanza ni volteji, yaani msukumo. Fikiria tangi la maji juu ya paa. Kadiri linavyoinuliwa juu zaidi, ndivyo maji yanavyotoka mferejini kwa kishindo. Volteji hupimwa kwa volti, jina lililotokana na Alessandro Volta wa Italia. Betri ndogo ya tochi ina volti 1.5, betri ya gari ina volti 12, na soketi ya ukutani hapa Kenya ina volti 240.

La pili ni mkondo. Wenzetu wa Pwani hawahitaji kufundishwa neno hili, kwa maana mvuvi anajua mkondo wa bahari tangu utotoni. Katika waya, kinachotembea si maji bali ni chembe ndogo sana za umeme ziitwazo elektroni. Mkondo hupimwa kwa ampea, kutokana na jina la André-Marie Ampère wa Ufaransa.

La tatu ni ukinzani, kutokana na kitenzi kukinza, yaani kuzuia. (Usichanganye na upinzani wa Bungeni, ingawa kazi zao zinafanana!) Waya mrefu na mwembamba hukinza zaidi kuliko waya mfupi na mnene, kama vile mrija wa soda unavyopitisha maji machache kuliko bomba. Ukinzani hupimwa kwa omu.

La nne ni uwezo, yaani kasi ya chombo kula kawi. Hupimwa kwa wati, jina la James Watt wa Uskoti. Chombo cha wati 1000 kikifanya kazi saa nzima, kimekula yuniti moja ya stima, ile ile tunayoinunua kwa tokeni.

HESABU YA KWANZA: GAWA

Georg Simon Ohm alikuwa mwalimu wa shule katika mji wa Cologne, Ujerumani, alipofanya majaribio yake ya umeme. Mwaka 1827 alichapisha kitabu kilichoeleza jambo hili: katika waya wa madini ambao joto lake halibadiliki, mkondo huongezeka sawasawa na volteji. Msukumo ukiwa mara mbili, mkondo nao ni mara mbili. Mwanzoni wakubwa wa elimu hawakukipokea vizuri kitabu chake. Ilipofika mwaka 1841, Royal Society ya London ikamtunukia medali ya Copley. Mcheza kwao hutuzwa, lakini Ohm alituzwa ugenini!

Kanuni yenyewe ni nyepesi:

volti ÷ ampea = omu

Katika maabara yetu tulichukua kipande cha waya wa nikromu, madini yale ya koili za majiko. Tukaweka ameta katika njia moja na waya, ili mkondo wote uipitie. Voltimeta tukaifunga ubavuni, mguu mmoja kila upande wa waya. Tulipotumia betri moja, tulipata volti 1.5 na ampea 0.25. Betri mbili zilitupa volti 3.0 na ampea 0.50. Betri tatu, volti 4.5 na ampea 0.75. Sasa gawa. 1.5 kwa 0.25 ni 6. 3.0 kwa 0.50 ni 6. 4.5 kwa 0.75 ni 6. Mara zote omu 6! Ule ndio ukinzani wa kipande chetu.

Kisha mwalimu akatupa balbu ndogo ya tochi, ya zile za zamani zenye uzi ndani. Kwa volti 0.5, mkondo ulikuwa ampea 0.15, yaani omu 3.3. Kwa volti 2.5, mkondo ulikuwa ampea 0.30, yaani omu 8.3. Darasa zima likaanza kunong'ona kwamba Ohm ametudanganya. La hasha! Uzi wa balbu ulikuwa umepata moto ukawaka, na madini yakipata moto hukinza zaidi. Ohm alishasema "joto lisibadilike". Fundisho ni kwamba ukitaka kujua hali ya waya ukiwa kazini, upime ukiwa kazini, si ukiwa umelala.

HESABU YA PILI: ZIDISHA

Kanuni ya pili nayo ni hii:

volti × ampea = wati

Chukua pasi. Geuza chini au tazama mgongoni, utaona bamba au kibandiko kilichoandikwa volti na wati. Kama imeandikwa wati 1200, gawanya kwa 240, na utapata ampea 5. Huo ndio mkondo itakaovuta. Sasa rudi kwenye hesabu ya kwanza: volti 240 gawa kwa ampea 5 ni omu 48. Umeijua pasi nje na ndani bila kuifungua hata skrubu moja.

Hebu tuvipange vyombo vinne vya nyumbani:

Balbu ya kizamani ya wati 60: ampea 0.25, omu 960.
Pasi ya wati 1200: ampea 5, omu 48.
Jiko la koili la wati 1500: ampea 6.25, omu 38.4.
Birika la wati 1800: ampea 7.5, omu 32.

Umeona kioja? Wengi hudhani kwamba chombo chenye joto kali kina ukinzani mkubwa. Kumbe ni kinyume! Soketi hutoa volti zile zile 240 kwa kila mmoja. Birika lina omu chache, kwa hivyo linafungua njia pana, na mkondo mwingi unapita. Balbu ina omu nyingi, nayo inaruhusu mkondo kidogo tu. (Kwa vyombo vyenye mota, kama friji, hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu mota ina tabia zake. Kwa vyombo vya kutoa joto, haikosei sana.)

Lakini waya unaopeleka umeme kwenye birika nao una ukinzani wake, hata kama ni mdogo. Je, wenyewe unapata joto kiasi gani? Hapa ndipo anapoingia James Prescott Joule, Mwingereza wa Salford karibu na Manchester, ambaye jamaa yake walikuwa watengenezaji wa bia. Mwaka 1841, mwaka ule ule Ohm alipopewa medali, Joule alichapisha makala yaliyoeleza kwamba joto la waya hufuata mkondo uliozidishwa kwa mkondo. Si vigumu kuona sababu. Volti ni ampea mara omu. Basi volti × ampea inakuwa:

ampea × ampea × omu = wati

Ampea inahesabiwa mara mbili! Shika hapo, kwa sababu sasa twaingia saluni.

WAYA WA SALUNI

Shangazi yangu ana saluni ya chumba kimoja chenye soketi mbili za ukutani. Moja ilikuwa nyuma ya kabati, haitumiki. Kwenye ile nyingine alichomeka ekstensheni ya mita tano, na hiyo ndiyo iliyolisha kila kitu: draya ya wati 1200, birika la wati 1800 la kuchemshia maji ya kuoshea nywele, redio, na simu za wateja. Waya wenyewe ulipita chini ya zulia ili watu wasijikwae.

Likizo ya Agosti nilikuwa namsaidia kufagia. Nikagusa waya ule wakati draya na birika vyote vinafanya kazi.

"Shangazi, hii waya imeshika moto."

"Si ni joto la draya hilo? Mwanangu, hiyo imefanya kazi miaka mitatu bila neno. Wewe fagia."

Nikafagia, lakini kichwani nikajumlisha. 1200 na 1800 ni wati 3000. Gawa kwa 240, unapata ampea 12.5. Waya wenyewe ulikuwa umechapwa maandishi madogo ubavuni: unene milimita mraba 0.75. Waya wa unene huo kwa kawaida hupewa ampea 6. Ulikuwa unabeba mzigo wa waya wawili! Nilipomwandikia hesabu hiyo kwenye karatasi, shangazi aliitazama kwa muda, akasema, "Haya basi, tumwite fundi aseme yeye." Akamwita fundi wa stima mwenye leseni.

Fundi alipima na mita yake huku vyombo vyote vikiwa kazini. Kwenye soketi ya ukutani alipata volti 238. Kwenye mwisho wa ekstensheni alipata volti 231. Kwenye kisanduku cha swichi akabana waya mmoja kwa mita ya koleo, akasoma ampea 12. Akaniambia, "Haya mwanafunzi, volti 7 zimepotelea wapi?"

Zimepotelea njiani. Na tukiwa na volti na ampea, tunajua la kufanya.

Gawa: volti 7 kwa ampea 12 ni omu 0.58. Huo ndio ukinzani wa ekstensheni yote, pamoja na viungo vyake.

Zidisha: volti 7 mara ampea 12 ni wati 84. Hilo ndilo joto lililokuwa likizalishwa chini ya zulia na ndani ya plastiki. Ni zaidi ya balbu ya wati 60, ambayo ukiishika inakubabua.

Kisha tukapiga hesabu ya siku ya kawaida, redio na simu tu, mkondo wa ampea 0.2. Zidisha 0.2 kwa 0.2 kwa 0.58, unapata wati 0.02 hivi. Si kitu. Mkondo wa 12 ni mara 60 ya 0.2, lakini joto lake ni mara 60 mara 60, yaani mara 3600! Waya ni ule ule, soketi ni ile ile. Ndiyo maana neno "imefanya kazi miaka mitatu" halina uzito. Swali ni imefanya kazi gani. Na birika, shangazi alikiri, lilikuwa limenunuliwa mwezi uliotangulia.

Kuna jingine. Waya wa shaba wa unene ule una omu 0.026 hivi kwa kila mita. Mita tano za kwenda na mita tano za kurudi ni mita kumi, yaani omu 0.26. Mbona sisi tulipata 0.58? Omu 0.32 zilizobaki zilikuwa kwenye viungo: plagi, skrubu, na vipande vya shaba ndani ya soketi ya ekstensheni. Zidisha 12 kwa 12 kwa 0.32, unapata wati 46. Joto la waya limetandazwa katika mita tano, lakini wati hizo 46 zimerundikana mahali padogo kama punje za maharagwe. Fundi alipoifungua ile soketi, tuliona shaba nyeusi kama masizi na plastiki iliyoanza kuyeyuka. Shangazi akashika tama. Siku hiyo hiyo kabati likasogezwa, birika likapewa soketi yake ya ukutani, na ile ekstensheni ikatupwa. Draya ilipata ekstensheni mpya ya milimita mraba 1.5, ambayo haipiti tena chini ya zulia.

FYUZI INAJUA NINI?

Kuna atakayeuliza, "Kwani plagi haikuwa na fyuzi?" Ilikuwa nayo, ya ampea 13, na haikukatika. Ingekatikaje wakati mkondo ulikuwa 12? Fyuzi haijui waya wako ni mwembamba. Haijui kiungo kimelegea. Inajua namba moja tu, nayo ni ile iliyoandikwa juu yake. Ndiyo maana taa ya mezani inafaa fyuzi ya ampea 3, na si 13. Na yule anayeitoa fyuzi iliyokatika akaweka waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, huyo amemfukuza askari akamwachia mwizi ufunguo.

Vile vile, fyuzi haimjui binadamu. Mwili nao una ukinzani, na mikono ikilowa maji unaweza kushuka hadi omu elfu moja hivi. Volti 240 gawa kwa omu 1000 ni ampea 0.24. Kwa fyuzi ya ampea 13, hiyo ni kama nzi aliyetua. Kwa moyo wa mtu, hata ampea 0.1 inatosha kuuvuruga ukasimama. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za siku hizi huwekwa swichi ya kinga inayokata umeme mkondo wa ampea 0.03 tu ukivuja. Hakuna haja ya kusema mengi kuhusu koili ya kuchemshia maji kwenye ndoo. Hesabu imeshasema.

SABABU YA NYAYA ZA JUU

Kanuni hii hii ya ampea mara ampea, inayounguza saluni, ndiyo inayotufikishia stima. Umeme wa mabwawa ya Mto Tana, kama Kindaruma na Gitaru, husafiri kuelekea Nairobi kwa volti 132,000 na volti 220,000. Kwa nini usisafirishwe kwa volti 240 moja kwa moja?

Tupige hesabu. Tuseme mji mdogo unataka wati 100,000, na nyaya za kuufikia zina omu 1. Kwa volti 240, mkondo ungekuwa ampea 417. Zidisha 417 kwa 417 kwa 1, unapata wati zaidi ya 173,000 zinazopotea njiani. Hasara kubwa kuliko mtaji! Haiwezekani kabisa. Lakini kwa volti 11,000, mkondo ni ampea 9.1 tu, na kinachopotea ni wati 83. Ndipo transfoma iliyo juu ya nguzo kijijini inapoteremsha volti hadi 240 kabla ya kuingia nyumbani. Msukumo ukiwa mkubwa, mkondo unakuwa mdogo, na waya unabaki baridi.

KAZI YA LIKIZO

Wasomaji, ninawaachia kazi. Likizo ikifika, chukua karatasi, soma bamba la kila chombo cha nyumbani, uandike wati zake na ugawe kwa 240. Jumlisha ampea za vyombo vyote vinavyotegemea ekstensheni moja. Kisha soma maandishi ya ubavuni mwa waya. Kama ni milimita mraba 0.5, usipite ampea 3. Kama ni 0.75, usipite 6. Kama ni 1.0, usipite 10. Kama ni 1.25, usipite 13. Ukikuta jumla imezidi, chombo cha joto kikatafutiwe soketi ya ukutani peke yake. Ukikuta plagi ina moto au soketi imebadilika rangi, acha kuitumia na umwite fundi.

Onyo moja. Kusoma bamba ni kazi yako, lakini kupima umeme wa ukutani ni kazi ya fundi. Ameta ya maabara isiwahi kuchomekwa kwenye soketi. Ina ukinzani mdogo sana, na ninyi nyote sasa mnajua volti 240 zikigawanywa kwa omu kidogo hutoa nini.

Msisahau: gawa upate omu, zidisha upate wati. Kalamu naiweka chini hapa. Kwaherini hadi toleo lijalo, Mungu akipenda.